Amplifaya Iliyopokelewa Kabla ya Kutengenezwa

Ipo amplifaya ya gitaa jijini Dar es Salaam ambayo, kwa mujibu wa nyaraka za umma, ilipokelewa stoo mwaka 1974 na kutengenezwa mwaka 1987. Nyaraka zenyewe ni mbili, na zote zina mihuri. Ya kwanza ni rejesta ya vyombo vya bendi iliyomilikiwa na shirika moja la umma ambalo limekwisha kufa. Ya pili ni orodha ya mali chakavu iliyobandikwa ukutani na taasisi iliyorithi mali na madeni ya shirika hilo, kwa ajili ya mnada. Humo, baada ya viti vilivyovunjika na mashine za kuchapa, limeandikwa fungu la 27: redio kubwa ya muziki, moja, mwaka wa kutengenezwa 1987, mbovu.

Kama jambo hili lingeishia kwenye kichekesho, nisingewachosha wasomaji wangu nalo. Naliandika kwa sababu limemdhulumu mtu.

Mtu huyo ni mzee aliyepiga gitaa la ridhimu katika bendi ya shirika lile tangu 1975 hadi 1986. Jina lake silitaji; ameniomba nisilitaje. Alikuwa mwajiriwa wa kulipwa mshahara, kama dereva au karani wa shirika hilo hilo. Faili lake la utumishi halionekani. Kilichosalia ni rejesta ya vyombo, ambamo kila mpigaji alitia saini alipochukua chombo kwenda kwenye onyesho na alipokirudisha. Saini yake imo humo kurasa kwa kurasa, kando ya amplifaya moja yenye namba moja ya mfululizo. Alipoipeleka rejesta hiyo iwe ushahidi wa utumishi wake, alijibiwa kwa barua kwamba inatia shaka, kwa sababu mbili. Kwanza, haiwezekani mtu kutia saini mwaka 1975 kwa kifaa kilichotengenezwa mwaka 1987. Pili, ukaguzi umeonyesha kwamba vipuri vya ndani vya kifaa hicho si vya asili, hivyo hata kama namba zinafanana, hakuna uhakika kwamba ndicho kifaa kile kile.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Imeandikwa kwa Kiswahili safi na ina mantiki ya nje isiyo na dosari. Kasoro yake ni kwamba mwandishi wake hakujua alikuwa anazungumzia kitu gani, wala hakuona kuwa ni wajibu wake kujua.

Tuanze na hiyo 1987. Kampuni ya Marshall ya Uingereza ilikuwa na desturi ya kuzipa bidhaa zake majina ya tarakimu nne. Amplifaya yake ya wati 50 kwa ajili ya gitaa iliitwa 1987. Dada yake ya gitaa la besi iliitwa 1986. Ile kubwa ya wati 100 iliitwa 1959, ingawa ilitoka mwaka 1965, na mwaka 1959 Jim Marshall hata duka lake la ngoma alikuwa hajalifungua. Ipo pia iitwayo 1962, yenye spika ndani ya kasha moja na mitambo, ambayo Eric Clapton aliitumia katika albamu aliyorekodi na John Mayall mwaka 1966. Hizo ni namba za katalogi. Hazihusiani na kalenda zaidi ya namba ya nyumba inavyohusiana na umri wa mwenye nyumba. Rejesta ya 1974 imeandika wazi: Marshall 1987, wati 50, kisha namba ya mfululizo. Karani wa zama zetu, akiwa na safu ya kujaza yenye kichwa "mwaka wa kutengenezwa", alikuta tarakimu nne zinazoanza na 19, akatosheka. Simlaumu sana karani. Namlaumu aliyetia saini chini yake bila kujiuliza ilikuwaje mtu wa mwaka 1974 ajue kuandika 1987.

Namba ya mfululizo ndiyo yenye mwaka. Tangu katikati ya 1969 Marshall walianza kuambatanisha herufi ya mwaka kwenye namba hiyo: A kwa 1969, kisha wakairuka B, C ikawa 1970, D 1971, E 1972, F 1973. Herufi iliyogongwa kwenye chasisi ya amplifaya yetu ni F. Imetengenezwa Bletchley mwaka 1973, ikasafirishwa, ikapokelewa stoo mwaka 1974. Rejesta haina shaka yoyote. Inasema kile kile kinachosemwa na chuma.

Mwanasheria mmoja rafiki yangu aliniambia kwamba namba huweza kubadilishwa. Ni kweli, na ndiyo maana mtambuzi haishii kwenye namba. Hufungua. (Wanafunzi wangu wasikimbilie bisibisi: kapasita za amplifaya ya valvu huhifadhi umeme wa mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na umewahi kuua. Mwachieni fundi.) Tulipoifungua kwa ruhusa ya mlinzi wa stoo na mbele ya fundi wa redio, tulikuta ubao wenye vishikizo, kila waya umelehemiwa kwa mkono. Marshall waliacha utaratibu huo wakahamia kwenye bodi za kuchapwa takriban mwaka 1974. Tulikuta kapasita za Mullard zenye rangi ya haradali, ambazo mafundi wa Ulaya wanazitambua kwa kutupia jicho tu. Tulikuta nafasi za valvu mbili za EL34 na tatu za ECC83. Na usoni, ijapokuwa nembo imeng'oka, hakuna maandishi ya JCM800, jina ambalo kampuni ililianzisha mwaka 1981. Mwaka 1987 wenyewe, kwa anayetaka kuujua, Marshall walisherehekea miaka 25 ya amplifaya zao kwa toleo maalumu lililovikwa gamba la rangi ya fedha. Hii yetu ni nyeusi, na ilikuwa nyeusi tangu ilipotoka kiwandani.

Hapa naomba nidokeze jambo la njia ya utafiti, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi wanaodai kuhakiki mali. Kipuri kimoja hakithibitishi mwaka wa kifaa. Kinathibitisha tu kwamba kifaa, katika hali kilivyo sasa, hakikukamilika kabla ya kipuri hicho kutengenezwa. Chukueni mfano wa amplifaya za Fender za Marekani, ambazo zina ushahidi mwingi zaidi. Vifundo vya kurekebishia sauti hubeba namba ya mtengenezaji na tarehe: 137 ni kampuni ya CTS, na 6415 baada yake ni wiki ya 15 ya mwaka 1964. Spika za Jensen huanza na 220. Kwenye karatasi iliyogundishwa ndani ya kasha hugongwa herufi mbili, ya kwanza mwaka, ya pili mwezi: N ni 1964, D ni Aprili. Ukikuta kifundo cha wiki ya 15 ya 1964 na muhuri wa ND, mashahidi wawili wasiojuana wamekubaliana, maana wiki ya 15 ni Aprili. Ukikuta spika ya 1971 ndani ya kasha hilo hilo, hutangazi kwamba amplifaya ni ya 1971. Unauliza nani alibadilisha spika, lini, na kwa nini. Mwanahistoria anayesoma hati za zamani hufanya hivyo hivyo. Sisi chuoni tunaita uhakiki wa vyanzo na tunautungia mitihani. Ofisini hauna jina wala safu kwenye fomu.

Wala kibao cha jina hakitoshi. Baada ya Marshall kumpa kampuni moja haki ya kusambaza bidhaa zake mwaka 1965, Jim Marshall alitengeneza amplifaya zile zile kwa jina la Park ili amuuzie rafiki yake wa Birmingham bila kuvunja mkataba. Nyingine chache ziliitwa Narb, ambalo ni jina la fundi wake Ken Bran likisomwa kinyumenyume. Kifaa kilekile, mikono ile ile, majina matatu. Anayeandikisha mali kwa kusoma kibao ataandika vitu vitatu pale penye kimoja, na pasipo na kibao ataandika "redio kubwa".

Nije kwenye sababu ya pili ya barua, maana hiyo inaniudhi kuliko ya kwanza. Eti vipuri si vya asili.

Asili ya amplifaya hii ni nini? Mwaka 1962, katika duka la vyombo vya muziki lililoko Uxbridge Road, Hanwell, magharibi mwa London, Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, alikuwa na wateja waliolalamika. Amplifaya za Marekani zilikuwa ghali mno kwao. Ken Bran, fundi wa duka, pamoja na kijana aitwaye Dudley Craven aliyekuwa mwanagenzi wa EMI, walichukua Fender Bassman ya kutoka Fullerton, California, wakaifungua, wakainakili saketi yake. Hawakuficha. Walipokosa valvu ya Kimarekani baadaye waliweka KT66 ya Kiingereza, kisha EL34. Transfoma walinunua zilizopatikana madukani. Spika nne za Jensen za inchi 10 katika kasha lililo wazi nyuma wakazibadili kwa nne za Celestion za inchi 12 katika kasha lililozibwa. Kwa kubadilisha vipuri kwa vile vilivyokuwa karibu, sauti ikatoka nyingine, na sauti hiyo ndiyo dunia ikaiita Marshall. Leo Fender naye, kabla ya yote, alikuwa fundi redio aliyefungua duka la matengenezo huko Fullerton mwaka 1938. Bassman yake aliikusudia kwa gitaa la besi. Wapigaji wa solo ndio walioamua vinginevyo.

Kwa hiyo fundi wa London akinakili ya California na kuweka vipuri vya mtaani kwake, tunaita ubunifu na tunalipa bei ya ubunifu. Fundi wa Kariakoo akifanya hivyo hivyo kwa ya London, tunaita feki, na afisa wa ugavi anaandika kwenye masharti ya zabuni kwamba vifaa "visivyo vya asili" havitapokelewa. Nimesoma masharti ya namna hiyo ya kununulia vyombo vya vikundi vya utamaduni, vikundi ambavyo kazi yao rasmi ni kuenzi ubunifu wa Kitanzania. Mwenye kuyaandika hakuona kinaya.

Na vipuri "visivyo vya asili" vya amplifaya hii ni vipi? Ni transfoma iliyosukwa upya na kapasita mbili kubwa ambazo hazikutoka Uingereza. Ndani ya chasisi, kwa penseli, pameandikwa 3/83. Rejesta nayo, katika safu ya maelezo, Machi 1983, inasema: transfoma imeungua, imesukwa, imerudi kazini. Anayekumbuka 1983 anakumbuka hali ilivyokuwa. Fedha za kigeni hazikuwapo, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umeanza. Kuagiza transfoma kutoka Uingereza kwa ajili ya bendi ya dansi ilikuwa ndoto ya mchana. Fundi mmoja, ambaye hakuna nyaraka iliyohifadhi jina lake, aliketi akahesabu mizunguko ya waya wa shaba uliokwisha kuungua, akauzungusha mwingine kwa idadi hiyo, na bendi ikapanda jukwaani. Penseli na rejesta zimekubaliana kwa mwezi na mwaka. Badala ya matengenezo hayo kuwa dosari katika ushahidi, ndiyo ushahidi ulio imara kuliko wote, kwa kuwa herufi F ingeweza kupatikana kwenye amplifaya nyingi zilizotoka Bletchley mwaka ule, lakini transfoma iliyosukwa Machi 1983 na kuandikwa humo kwa penseli ipo moja tu, na rejesta inaijua.

Wakusanyaji wa vyombo vya kale wa Ulaya na Marekani wangekubaliana na barua ile kwa sababu zao. Kwao, transfoma iliyobadilishwa hupunguza bei. Ni haki yao. Wananunua kumbukumbu za kwao. Lakini taasisi ya umma ya Tanzania inapoazima jicho la mnunuzi wa nje kumhukumu mfanyakazi wa Tanzania, hapo imepotea njia. Kwa jicho hilo, kila mahali palipoguswa na mkono wetu ni doa.

Nilipomweleza haya ofisa mmoja, alinijibu kwa upole kwamba amplifaya ni chombo cha Wazungu na haihusiani na urithi wa taifa. Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi wenye elimu. Lakini muziki wa dansi wa nchi hii ulipigwa kwa vyombo gani? NUTA Jazz iliundwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964. Baadaye ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa na bendi. Polisi walikuwa nayo, vijana wa TANU walikuwa nayo, Shirika la Bima lilikuwa nayo. Katika mpango ule mwajiri alikuwa mwenye vyombo na mwanamuziki alikuwa mwenye vidole. Aliyeacha kazi aliacha gitaa. Mpango ulikuwa na faida zake, na siungi mkono wanaoubeza jumla: mpiga ridhimu alipata mshahara mwisho wa mwezi hata kama ukumbi ulikuwa mtupu. Lakini ulimwacha bila kitu cha kuonyesha mkononi. Ushahidi wote wa maisha yake ya kazi ulibaki kwenye stoo ya mwajiri, na mwajiri akafa, na mrithi wa mwajiri anauza stoo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimsaidii, kwa kuwa masalia inayoyalinda ni yale ya kabla ya 1863. Rejesta, hata hivyo, ni kumbukumbu ya umma, na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haitofautishi kati ya jalada la waziri na daftari la stoo ya bendi. Hilo watumishi wa umma wanaonisoma wanalijua vizuri kuliko mimi. Wanajua pia kwamba orodha ya mali chakavu ikishasainiwa na fungu likishauzwa, mnunuzi wa vyuma chakavu atapima transfoma kwa kilo ya shaba. Baada ya hapo hakutakuwa na chasisi ya kulinganisha na rejesta, na shaka iliyotungwa kwa kosa la karani itakuwa haina tena wa kuiondoa.

Ninachodai si makumbusho. Nadai fungu la 27 liondolewe mnadani hadi madai ya mzee yaamuliwe. Nadai chasisi ipigwe picha mbele ya mashahidi: namba ya mfululizo na herufi yake, ubao wa saketi, maandishi ya penseli, transfoma. Nadai safu ya mwaka katika orodha isahihishwe kuwa 1973, na barua aliyoandikiwa mzee ifutwe kwa barua nyingine yenye hadhi sawa, isiwe kwa maneno ya simu. Wanaharakati mnaoshughulika na haki za wafanyakazi wastaafu, tafuteni rejesta za vyombo za bendi nyingine kabla hazijafungiwa karanga. Wanamuziki wa aina hii hawako mmoja wala wawili. Wanafunzi mliokuja kuniuliza mada za tasnifu, kazi hiyo hapo.

Nimeandika haya yote kwa mkurugenzi wa taasisi hiyo, kwa ufupi zaidi na bila maneno makali. Barua ilipokelewa masjala Jumatatu na nakala yenye muhuri ninayo. Mnada umetangazwa kuwa Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi.